Luffy Huangusha Serikali Kisha Anahepa: Maswali ya One Piece Ambayo Yamefika Barabarani

Onyo kwanza, ndio nisitukanwe baadaye: spoila ziko hapa, na ziko mob. Kama bado uko Water Seven unalilia Going Merry, weka hii kando, utairudia ukishamaliza Egghead. Nyinyi wengine vuteni kiti.

Kuna kitu imebadilika kwa maswali ambayo watu huuliza kuhusu One Piece. Kitambo msee angekuuliza kama Zoro anaweza chapa Sanji, mnabishana kutoka stage hadi Kencom, mnashuka, stori imeisha. Siku hizi swali linakuja na siasa ndani yake. Ati kwa nini serikali inaogopa bendera ya katuni? Ati Luffy akishang'oa mfalme, nani hubaki kulipa walimu? Na huwezi laumu mtu kuuliza, juu tangu 2025 ile bendera ya fuvu lenye kofia ya nyasi imepepea kwa maandamano Indonesia, Nepal, Madagascar, Ufilipino na Peru, na kwa baadhi ya hayo maandamano watu walikufa.

Kwa wale wageni: manga ilianza Julai 1997 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump, anime ikafuata Oktoba 1999, na mchoraji, Eiichiro Oda, hajaweka kalamu chini. Yaani Gen Z wengi walizaliwa wakapata One Piece tayari iko nyumbani, kama kaka mkubwa. Hakuna haja ya kuwaelezea Celestial Dragon ni nani. Mtu wa miaka 20 pale Jakarta na mwingine pale Kathmandu wanaijua hiyo stori vile sisi tunajua ya Abunuwasi.

Sasa twende kwa maswali.

Hiyo bendera ilitoka aje kwa TV ikaingia barabarani?

Indonesia. Ilikuwa Julai na Agosti 2025, nchi ikijiandaa kusherehekea miaka 80 ya uhuru tarehe 17 Agosti. Rais Prabowo Subianto alikuwa ameomba wananchi wapeperushe bendera ya taifa, nyekundu na nyeupe. Madereva wa malori wakapeperusha ya Luffy, wengine wakiiweka chini ya ile ya taifa, ujumbe ukiwa kwamba nchi tunaipenda ila nyinyi mnaoiendesha mmetuchosha. Ingeweza kuishia hapo, mzaha wa madereva. Lakini naibu spika wa bunge akatoka akasema hiyo ni njama ya kugawanya taifa, na michoro ya Luffy ikaanza kupakwa rangi juu. Ukitaka vijana wabebe kitu, kikataze.

Mwisho wa Agosti mambo yakawa si mzaha tena. Wabunge walikuwa wanapewa marupurupu ya nyumba ya rupia milioni 50 kwa mwezi, karibu mara 10 ya mshahara wa chini kabisa Jakarta. Watu wakajaa barabarani. Tarehe 28 Agosti gari la polisi likamgonga na kumuua kijana wa miaka 21, msee wa boda ya app, wale wa kupeleka chakula na abiria. Hapo ndio moto uliwaka kila mji.

Kwa stori yenyewe, bendera ya haramia inamaanisha nini?

Hili ndilo swali nalipenda kuliko yote, juu watu wengi wanaobeba bendera wanakumbuka Enies Lobby pekee. Na ni haki yao. Pale Robin alikuwa amejitoa kwa Serikali ya Dunia ndio wenzake wasiuawe. Akaelezwa kwamba ile bendera inayopepea juu ya jengo ni ya nchi zaidi ya 170 zilizoungana, kwamba ukiigusa umeanza vita na dunia nzima. Luffy akaangalia juu, akaambia Sogeking aichome. Ikachomwa. Kama hukutoa chozi hapo, sijui wewe ni mtu aina gani.

Lakini maana ya bendera ilikuwa imeshaelezwa mapema zaidi, kule Drum Island, kwa stori ya Chopper. Rudi uicheki na macho ya mtu mzima. Mfalme Wapol alifukuza madaktari wote nchini akabakisha 20 tu, wake mwenyewe. Ukiwa na mgonjwa, unaenda kupiga magoti kasri. Hebu fikiria hiyo ukiwa umelala na mzazi kwa benchi ya hospitali ya kaunti ukingoja daktari ambaye amegoma. Katikati ya huo upuzi kulikuwa na mzee mmoja, Hiriluk, daktari ambaye kusema ukweli hakujua kazi, lakini alizunguka akitibu watu bure huku akiwindwa. Yeye si haramia. Alipeperusha bendera ya fuvu tu, fuvu lenye maua ya cheri, kuonyesha kwamba hakubali kuambiwa kuna ugonjwa usiotibika.

Chopper akaamini hivyo, akaamini vibaya. Akaona alama ya fuvu kwa kitabu, kando ya picha ya uyoga, akadhani fuvu ni alama ya dawa. Akapigwa na kuumizwa akiutafuta huo uyoga, akampikia mzee supu. Fuvu lilimaanisha sumu. Na Hiriluk, ambaye angeweza kukataa, akainywa yote akasema asante.

Miaka baadaye Wapol anarudi, anakuta ile bendera ya Hiriluk inapepea juu ya kasri. Anaipiga kwa mzinga. Luffy anabaki amesimama ameishika, damu inatiririka, bendera haijaanguka. Anamwambia Wapol kwamba hii si kitu ya kucheza nayo kama huna moyo wa kuifia. Kwa hivyo kwa One Piece bendera haisemi "sisi ni wazuri." Ukiiinua umetangaza unasimama wapi, na kwamba uko tayari kulipa bei.

Kuna maana ya pili ambayo mashabiki husahau, nayo ni ulinzi. Kisiwa cha Fish-Man kilipokuwa kinashambuliwa na wateka nyara, Whitebeard alisimika bendera yake pale, na wengi wakakaa mbali. Whitebeard alipokufa, Big Mom akachukua hiyo nafasi, lakini kwa bei: tani 10 za peremende kila mwezi. Ukikosa, kisiwa kinafutwa. Mtu yeyote amewahi fungua kibanda Nairobi, akatembelewa na vijana wa "usalama" Ijumaa jioni, anaielewa hiyo biashara bila kuelezwa.

Ni kweli tunda la Luffy lilibadilishwa jina?

Ndio. Zaidi ya miaka 20 tuliambiwa ni Gomu Gomu, tunda la mpira. Mwaka wa 2022, kwa chapta ya 1044, wale Wazee Watano wa Serikali ya Dunia wakakiri wenyewe kwamba jina la kweli ni Hito Hito, aina ya Nika, yule mungu wa jua ambaye watumwa walisimuliana kwamba angekuja kuwakomboa. Serikali ililipa tunda jina jipya ndio lile la kweli lipotee kwa historia. Kwa anime ni episodi ya 1071, Agosti 2023, Gear 5, unakumbuka venye mtaa ulikuwa unapiga kelele.

Kuna wale husema Oda alibadilisha stori njiani. Kuna ushahidi pande zote. Who's Who, yule wa kundi la Kaido, alikuwa ameshamwambia Jinbe kwamba alifungwa kwa kosa la kupoteza hilo tunda, na kwamba Shanks ndiye aliliiba kwa meli ya serikali. Lakini maoni yangu, na mnaweza nirushia mawe: Nika alipunguza kitu. Luffy wa mwanzo alikuwa mtoto wa kijijini aliyekula tunda la kijinga, akajifunza kulitumia kwa kichwa chake. Sasa kuna unabii. Ukiwa na unabii, hata watu wa kawaida wanaanza kungoja mkombozi badala ya kuuliza wenyewe watafanya nini. Waandamanaji hawakubeba bendera ya Nika. Walibeba ya genge la watu wachache waliochaguana.

Ile sehemu ya kubadilisha jina, hata hivyo, Oda aliiweka vizuri sana. Serikali haikuwa na uwezo wa kuharibu tunda. Ilichoweza ni kuharibu neno. Msee akilikula, hajui ana nini tumboni. Usicheke, juu hata wewe umeishi kuona "ushuru" ukiitwa "mchango" na "kutekwa" kukiitwa "kuhojiwa."

Ohara ilifanya nini haswa hadi wakaichoma?

Walisoma. Ni hivyo tu. Kuna miaka 100 hivi, kati ya miaka 900 na 800 iliyopita, ambayo imefutwa kwa historia yote. Mashabiki huiita Void Century. Kilichobaki ni Poneglyph, yale mawe yenye maandishi ya kale ambayo hakuna mtu wa kuyavunja. Wasomi wa Ohara wakajifunza kuyasoma kisiri. Profesa Clover alipofika pale pa kutaja jina la ule ufalme uliofutwa, amri ikatoka, akapigwa risasi kabla neno halijatoka mdomoni. Kisha meli za kivita zikaja. Robin alikuwa na miaka 8, na kichwa chake kikawekewa bei ya beri milioni 79.

Detali ambayo wengi waliikosa iko Egghead. Wale wasomi, wakijua wanakufa, walirusha vitabu ziwani badala ya kukimbia. Baadaye majitu ya Elbaf yakaja yakavitoa majini, yakavibeba kwao. Na pale kwenye majivu ya Ohara ndipo Dragon, babake Luffy, alikutana na Vegapunk na kusema anaunda jeshi. Kwa hivyo Jeshi la Mapinduzi lina mizizi yake kwa maktaba iliyochomwa.

Nepal inafaa kusomwa hapo. Tarehe 4 Septemba 2025 serikali ilizima mitandao 26 kwa mpigo mmoja, Facebook, WhatsApp, YouTube, X, ikisema kampuni hazijajisajili. Wakati huo vijana walikuwa wanapost watoto wa wanasiasa na saa zao na likizo zao, kando ya picha za vijana wanaopanga laini uwanja wa ndege kwenda Ghuba kutafuta kazi. Tarehe 8 wakaingia barabarani. Siku hiyo moja watu 19 wakauawa. Usiku mitandao ikarudishwa, lakini hakuna mtu alikuwa anaongelea mitandao tena. Tarehe 9 Waziri Mkuu K.P. Sharma Oli akajiuzulu, bunge likiwaka, na kwa geti la Singha Durbar, pale serikali hufanyia kazi, kulikuwa kumetundikwa bendera ya Luffy.

Mbona Alabasta waliasi dhidi ya mfalme mzuri?

Juu walidanganywa vizuri. Mvua ilikuwa imekatika nchi nzima isipokuwa mji mkuu, na poda ya kuita mvua ikapatikana kwa mali ya mfalme Cobra. Wewe ungefikiria nini? Kumbe ni Crocodile ndiye alikuwa anaipanga, na kwa macho ya raia yeye ndiye alikuwa shujaa anayewapiga maharamia. Koza na waasi wake hawakuwa wajinga. Walikuwa na kiu, na ushahidi waliopewa ulikuwa umetengenezwa.

Sasa angalia mwisho wake. Luffy anamshinda Crocodile, lakini Serikali ya Dunia inatangaza kwamba ni Smoker, afisa wa wanamaji, ndiye alifanya kazi. Smoker mwenyewe alikataa hiyo sifa kwa hasira. Na miaka baadaye Cobra anauawa Mary Geoise na wale wakubwa wenyewe, magazeti yanachapisha kwamba muuaji ni Sabo. Mtu anayeamini kila kitu kwenye gazeti la Morgans anaishi dunia tofauti kabisa na ile sisi tunaona kwa skrini. Oda amefanya hivi mara nyingi sana hadi si bahati: kwake, vita vya ngumi huisha kwa wiki, vita vya nani alifanya nini haviishi.

Hiyo ushuru ya mbinguni ni nini?

Kila nchi iliyo ndani ya Serikali ya Dunia hulipa Celestial Dragons, wale wanaojiita kizazi cha waumba dunia na kutembea na kofia ya kioo ndio wasipumue hewa yetu. Ukishindwa kulipa unatolewa, na ukitolewa hakuna anayekulinda. Watu wako wanaweza kubebwa utumwani. Kule Tequila Wolf kuna daraja limejengwa miaka 700, na miongoni mwa wanaolijenga ni watu wa nchi zilizokataa kujiunga. Wakenya waliosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu, mkate, pedi, kila kitu, hawahitaji mimi niwachoree mstari.

Maswali ya haraka haraka

Herufi D inamaanisha nini? Bado hatujaambiwa wazi. Corazon alisema ni maadui wa asili wa miungu, na kwa hii stori miungu ni hao Celestial Dragons.

One Piece ni urafiki tuliopata njiani? Zii. Oda ameshasema ni kitu halisi. Whitebeard alithibitisha iko, Roger na watu wake waliiona wakacheka.

Kile kiti kitupu kina nini? Kimezungukwa na silaha za wale wafalme 20 wa kwanza, ahadi kwamba hakuna mtu mmoja atatawala dunia. Imu hukikalia. Hakuna raia anajua.

Vegapunk alisema nini? Kwamba bahari ilipanda mita 200 wakati wa ile karne iliyofutwa, ikapanda tena mita moja majuzi, na dunia itazama. Ile mita moja ilitokana na Lulusia, na Lulusia inahitaji sekunde yake. Hao ni watu waliochoka na mfalme wao, wakainuka, wakamwangusha. Wakiwa bado wanashangilia, mwanga ukatoka angani, kisiwa kikatoweka. Wazee Watano wakasema hakukuwahi kuwa na kisiwa hapo.

Sasa Luffy akishaangusha mfalme, nani hubaki?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, juu ndilo swali ambalo bendera haijibu.

Kwanza, Luffy hajawahi sema yeye ni shujaa. Pale kisiwa cha Fish-Man Jinbe alimwambia acheze ushujaa, akakataa kabisa. Sababu yake: shujaa akiwa na nyama, huigawa. Yeye anataka kuila. Ni mzaha, lakini pia ni katiba yake. Yeye hupigania rafiki, au mtoto aliyempa wali. Wano haikuanza kwa siasa. Ilianza na Tama, msichana mdogo aliyempikia wali wake wa mwisho, kisha akaenda kunywa maji ya mto ambao viwanda vya silaha vilikuwa vimetia sumu.

Pili, angalia orodha ya waliobaki. Alabasta, Cobra aliendelea kuwa mfalme. Dressrosa, Doflamingo alianguka, mzee Riku akarudishwa kwa kiti. Wano, Kaido na Orochi walienda, akaingia Momonosuke, mwana wa Oden, mtoto wa miaka 8 ndani ya mwili wa miaka 28. Drum peke yake ndiko raia walimchagua mtu wa kawaida, Dalton. Kwingine kote mfumo ulibaki uleule, akakaa tu mtu mwema wa ukoo uleule. Na Luffy? Alikula, akalala siku kadhaa, akaingia meli. Oda hajawahi tuonyesha bajeti ya Wano.

Kwa katuni hiyo ni sawa, safari lazima iendelee. Lakini waandamanaji hawana meli.

Nepal walijaribu kitu ambacho hata Oda hangeandika: vijana walipigia kura jina la kiongozi wa mpito kwa Discord, ile app ya wacheza gemu, na jina lililotoka, Sushila Karki, aliyekuwa Jaji Mkuu, akaapishwa tarehe 12 Septemba kuwa waziri mkuu wa kwanza mwanamke nchini humo. Kazi yake ikawa kupeleka nchi kwa uchaguzi, tarehe ikawekwa Machi 5, 2026.

Madagascar ilienda njia nyingine. Maandamano yalianza tarehe 25 Septemba 2025 juu ya maji na stima kukatika. Vijana wakachukua fuvu la Luffy, wakatoa kofia ya nyasi, wakaweka satroka, kofia ya Wabetsileo. Kwangu mimi hiyo ndiyo bendera kali kuliko zote, juu waliifanya yao. Oktoba, kikosi cha jeshi kiitwacho CAPSAT kikajiunga na raia, Rais Andry Rajoelina akatoroka, na tarehe 17 Kanali Michael Randrianirina akaapishwa. Siku chache baadaye akateua waziri mkuu, na wale vijana wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Na kama hujui historia: ni hiyo hiyo CAPSAT ndiyo ilimsaidia Rajoelina kuingia madarakani mwaka wa 2009.

Sisi hatukubeba ya Luffy Juni 2024, tulibeba ya Kenya. Tarehe 25 watu wakaingia bunge, tarehe 26 Rais Ruto akasema hatatia sahihi ule mswada. Julai 11 akavunja baraza la mawaziri. Kabla mwezi uishe, baadhi ya waliofutwa walikuwa wamerudi kwa orodha, na wakubwa wanne wa ODM, Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi, wakapewa viti. Waliopoteza watoto wao hawakupewa kiti.

Na kama unataka kujua Oda anajua hii kitu, fuata Wapol. Yule mfalme wa Drum, wa madaktari 20, aliyetupwa angani na Luffy tukashangilia. Hakuisha. Akaanguka mbali, akalala kwa barabara kama chokoraa, akatajirika, akaoa, akapata ufalme mwingine, na kwa mkutano wa wafalme kule Mary Geoise alikuwa ameketi na wengine kama kawaida.

Yule wa kufuata kwa upande mwingine ni Vivi. Alipewa nafasi ya kupanda meli na Luffy, akakataa akilia, juu kuna nchi ilikuwa imebaki na visima vya kujaza. Wenzake hawakuweza kumjibu kwa sauti ndio wanamaji wasijue ni rafiki yao, wakainua mikono ya kushoto kuonyesha ile alama ya X. Ndiye pekee kwa hilo genge aliyechagua kubaki kutawala. Mara ya mwisho tumemcheki, babake ameuawa, serikali inamsaka, na amejificha kwa ofisi ya gazeti ya Morgans inayopaa angani. Aliyetoroka naye, na aliyeshuhudia vile Cobra alikufa, ni Wapol.